Nafasi Aliyoishikilia George

Tulimzika kaka yangu George Wanyama siku ya Jumamosi, nyumbani Chekalini, kando ya mahindi yaliyokuwa yamefika kiunoni. Jumanne iliyofuata nikarudi kazini Kakamega. Majirani walishangaa kwamba naondoka upesi namna ile, na mimi pia nilijishangaa. Lakini Bwana Kipruto, msimamizi wetu, alikuwa ametuma ujumbe kwamba surua imeingia Lugari, chanjo itaanza Jumatatu, na orodha za watoto hazijapigwa chapa. Mama akasema, "Nenda. Kazi ile ilikuwa ya George pia."

Mwaka huo ulikuwa 1993. Mradi wetu wa afya ya watoto ulikuwa umepanga nyumba mtaa wa Amalemba, vyumba vitatu na jikoni. Kompyuta ilikaa jikoni, kwa sababu kule dirisha lilikuwa dogo na vumbi haba. Ilikuwa sanduku moja la chuma, refu kama meza, likiendeshwa kwa mfumo unaoitwa Unix. Nyaya zilitoka kwake zikapita ukutani hadi chumba kikubwa, kwenye skrini nne, kila moja na kibodi yake. Skrini zenyewe hazikuwa na kitu ndani. Sote wanne tulitumia mashine ile moja kwa wakati mmoja, kila mtu akiona kana kwamba ni yake peke yake. Skrini ya kwanza ilikuwa ya Bwana Kipruto, ya pili yangu, ya tatu ya George, na ya nne ya Hasina, dada kutoka Mumias aliyeingiza majina pamoja nami.

Aliyeitunza mashine alikuwa George. Alisomea kazi hiyo miezi sita tu, huko Nairobi, lakini aliielewa kama watu wengine wanavyoelewa ng'ombe: akisimama mlangoni mwa jikoni na kusikiliza mlio wake, alijua kama ina shida. Sheria yake ilikuwa moja. Mashine haizimwi. Alikuwa ameiwekea betri kubwa, ikaunganishwa na skrini pia, ili stima ikipotea sisi tuendelee. "Hii haipendi kukatizwa," alisemanga. "Inakuwa na mambo mengi mkononi."

Alhamisi ya mwisho alikuwa kwenye kiti chake, akipitia majina, huku ameshika kichwa kwa mkono mmoja. Kabla ya saa sita alipunguza mwanga wa skrini mpaka ikawa nyeusi, jinsi alivyofanya kila akitoka, akasema, "Nakuja saa nane, Mildred. Usikubali hawa wanichezee kibodi." Hasina akamjibu, "Kibodi yako ina makombo ya mandazi, nani ataigusa?" George akacheka huku akishikilia mlango. Ilikuwa malaria, na ilikuwa imeshampanda kichwani. Jumapili tukampoteza.

Kwetu, mtu akizikwa, vitu vyake haviguswi mpaka siku ya kunyoa. Siku hiyo familia inakaa pamoja, vichwa vinanyolewa, na mkubwa wa nyumba anavitoa vitu vya marehemu kimoja kimoja na kusema hiki ni cha nani. Kabla ya hapo hakuna anayekalia kiti chake wala kufungua sanduku lake. Kwa kawaida ni siku ya tatu, lakini baba mdogo Wangila alikuwa safarini, kwa hivyo tulipangiwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Nilipoingia ofisini Jumanne ile nikaona kiti cha George kiko vile vile alivyokisukuma, nikatoa leso kwenye mfuko wangu nikaifunika skrini yake. Hasina na Bwana Kipruto walitazama, wakaelewa. Bwana Kipruto alikuwa Mnandi, lakini alikuwa amekaa Kakamega miaka mingi.

Jumatano asubuhi akajaribu kupanga majina yote kwa vijiji, ili kila muuguzi apewe orodha ya kijiji chake. Mashine ikakataa.

"Hii kitu imejaa," alisema. "Inasema hakuna nafasi."

Diski yetu ilikuwa ndogo. Kuna amri fupi ya kuuliza nafasi iliyobaki, na George alikuwa amenifundisha. Niliiandika kwenye skrini ya Bwana Kipruto. Mashine huihesabu nafasi kwa vipande, ikajibu kwamba vilivyobaki ni 31. Kupanga majina kulihitaji maelfu.

Tukaanza kufuta. Bwana Kipruto alikuwa na bahasha yenye neno la siri la mkubwa wa mashine, linaloruhusu kugusa mafaili ya kila mtu, akaifungua. Tulifuta barua za mwaka juzi, ripoti zilizokwisha kutumwa, na mchezo wa kadi ambao hakuna aliyekubali kwamba ni wake. Vipande vikafika 118.

"Bado," alisema Bwana Kipruto. "Tafuta kubwa kubwa."

Nikaiamuru mashine itaje mafaili makubwa. La kwanza lilikuwa la mradi, linaitwa "watoto", hilo lilikuwa daftari letu lenyewe. La pili, kubwa kuliko hilo, lilikuwa katika sehemu ya George. Lilichukua vipande 6,204. Jina lake lilikuwa "lugulu".

Nilipoliona nilishtuka kidogo. Lugulu ni ng'ombe wetu. Baba alimnunua kule Lugulu, na jina likabaki hilo. Miezi ile ya mwisho, George akifunga kazi jioni, alikuwa akiniambia, "Lugulu ameongezeka leo," au, "Lugulu ameshiba," nami nilidhani amepata barua kutoka nyumbani.

"Ni nini hiyo?" Bwana Kipruto aliuliza.

"Ni ng'ombe wetu."

"Ng'ombe? Ndani ya kompyuta ya mradi?"

"Ni mambo yake ya nyumbani," nikasema. "Barua, pengine."

"Basi fungua tuone."

Hapo ndipo nilipokosea, na nataka kuandika kosa hilo jinsi lilivyokuwa. Nilijua siruhusiwi kufungua kitu cha George kabla ya Jumamosi. Pia sikutaka Bwana Kipruto asimame nyuma yangu akisoma aliyoyaandika kaka yangu kuhusu mama, au kuhusu msichana fulani, au kuhusu mimi. Nikajiambia kwamba kufuta si kufungua. Jina linatoka kwenye orodha tu, hakuna anayesoma, hakuna anayeshika. Na watoto wanangojea chanjo.

"Usifungue," nikasema. "Afadhali nilifute."

"Una hakika, Mildred?"

"Mimi ni dada yake."

Nikaandika amri ya kufuta, na jina la ng'ombe wetu, nikabonyeza. Mashine haikusema neno. Unix ikitii haisemi kitu, inanyamaza na kungoja amri nyingine. Nikauliza tena nafasi iliyobaki.

118.

Bwana Kipruto akainama mpaka pua ikakaribia kioo. "Si ulifuta?"

Nikataja mafaili ya George. Lugulu hakuwepo. Nikauliza nafasi mara ya tatu. 118. Vipande zaidi ya elfu sita vilikuwa vimetoka kwenye orodha, na diski ilikuwa imejaa vile vile, kama debe ulilomwaga unga wote na bado ukiliinua ni zito.

"Imechanganyikiwa," alisema Bwana Kipruto. "Wacha tuzime tuwashe."

"Wewe bwana," Hasina akasema bila kugeuka, "redio ikinyamaza unaipiganga kofi. Mashine ya watu haizimwi. George alisema."

"George hayuko, dada."

Alisema kwa upole. Kisha akainuka kwenda jikoni.

Wakati huo Hasina alikuwa amelifungua faili la "watoto" ili ahesabu kurasa za kupiga chapa. Nikamsikia akisema polepole, "Chekalini ina watoto kumi na wawili?" Halafu akasema, "Lubao hakuna hata mmoja. Mildred, hili limeishia Septemba mwaka jana. Majina yote tuliyoingiza tangu Septemba yako wapi?"

Tulikuwa tukiingiza majina kila siku na kumwachia George. Yeye ndiye aliyeyakagua, akaondoa yaliyorudiwa, akayaunganisha. Fomu zenyewe, zilizoandikwa nyumba kwa nyumba na wahudumu wa vijiji, zilikuwa stoo, na katika mvua za Aprili mchwa walizimaliza. Tulipozikuta zimekuwa udongo George alisema tusiwe na wasiwasi, ameshazipitisha zote. Mashine ya kunakili kwenye kanda ilikuwa imeharibika tangu Januari, kwa hivyo hakukuwa na nakala nyingine.

Lugulu ameongezeka leo. Lugulu ameshiba.

Nilikaa chini, sakafuni, mbele ya Hasina. "Ni mimi," nilimwambia. "Nimewafuta watoto. Wote. Nimewafuta sasa hivi."

Hasina hakunigusa kwanza. Alitazama leso iliyofunika skrini ya George, akatazama mlango wa jikoni, akapiga kelele ambayo sijawahi kumsikia akipiga tena: "Bwana Kipruto! Toa mkono hapo!"

Alitoka jikoni ameinua mikono yote miwili kama mtu aliyeelekezewa bunduki. "Sijabonyeza," alisema. "Nilikuwa nimeshika tu."

"Tumpigie fundi kwanza," Hasina akasema. "Kabla ya kugusa kitu chochote, tumpigie fundi."

Fundi alikuwa Ishaq, wa Kisumu, kwenye duka lililotuuzia mashine. Simu ilichukua robo saa kupita. Bwana Kipruto alishika mkono wa simu katikati yetu ili sote tusikie. Hasina akasalimia, "Asalaam alaykum, kaka," akajibiwa, na akaeleza yote bila kunitaja. Alisema "tumefuta".

"Mmefuta na nafasi haikurudi," Ishaq alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuna. "Hata kidogo?"

"Hata kipande kimoja."

Akaacha kutafuna. "Sikilizeni. Ndani ya Unix, jina la faili si faili. Jina liko kwenye orodha, na faili liko kwenye diski, mahali pake. Mkifuta, mnafuta jina. Mashine hutazama: je, kuna mtu amelifungua hili na bado anatumia? Kama hakuna, inachukua nafasi. Kama yuko, inangoja. Haiwezi kumnyang'anya mtu kitu kilicho mkononi mwake. Inangoja mpaka amalize."

"Kwa hivyo bado lipo?" nikauliza.

"Kama nafasi haikurudi, lipo. Halina jina tu. Kuna mtu hapo ofisini amelishika. Nani?"

Tukatazamana. Tulikuwa watatu, na kila mmoja alijua hakulifungua.

"Uliza mashine," alisema Ishaq. "Iambie itaje walio ndani."

Hasina akaandika amri. Mashine ikataja watu wanne. Kipruto. Mildred. Hasina. Na katikati, bila kusita, kwa herufi zile zile za kijani kama zetu: george, skrini ya tatu, tangu Alhamisi ile ya mwisho, saa mbili na dakika kumi asubuhi.

Sijui nieleze vipi nilivyoona. Tulikuwa tumemvika suti, tumemshusha, tumefukia. Nilikuwa nimetupa udongo wangu mwenyewe. Na hapa kulikuwa na kitu kisichojua uongo wala kufariji mtu, kikisema tu kile kinachokiona, na kilikuwa kinaona watu wanne kazini. Nilisikia mlio wa mashine jikoni, mlio ule ule wa kila siku, na kwa mara ya kwanza niliusikia kama pumzi ya mtu aliyekaa akingoja.

"Uliza anafanya nini," Ishaq akasema.

Hasina akauliza. Jibu lilikuwa mstari mmoja: george alikuwa akisoma faili kwa programu ya kupitisha kurasa. Jina la faili lilikuwa pale pale ubavuni, lugulu, jina nililokuwa nimelifuta nusu saa iliyopita.

"Haya," sauti ya Ishaq ikasema. "Huyo George yuko wapi? Mwambieni arudi kwenye kiti chake."

Bwana Kipruto alikohoa. "Fundi, George ni yule kijana aliyekujanga kwako. Tulimzika Jumamosi."

Kisha Ishaq akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," na Hasina akarudia naye kwa sauti ndogo. "Nilimpenda sana yule kijana," alisema. "Hakuna aliyekaa kwenye skrini yake tangu wakati huo?"

"Hakuna," nikasema. "Kwetu hatukalii."

"Hata kuifunga? Hata kubonyeza kitu kimoja?"

"Nimeifunika tu."

"Basi mmeliokoa bila kujua. Siku kumi na tatu. Mngekuwa ofisi nyingine yoyote, mtu angekaa hapo asubuhi ya pili." Akavuta pumzi. "Sasa, ile programu anayotumia inaweza kutoa nakala kwa jina jipya. Lakini amri itoke kwenye kibodi yake, hapo hapo, hakuna pengine. Na nakala inataka nafasi sawa na faili lenyewe. Mna ngapi?"

"118."

"Haitoshi hata kidogo. Tafuteni elfu saba. Na msizime kitu. Stima ikipotea betri ikaisha, kwisha maneno."

Dirishani wingu lilikuwa limeanza kupanda upande wa msitu, jinsi linavyopanda Kakamega kila siku baada ya saa sita, na mvua yetu mara nyingi huja na stima kupotea. Betri ilikuwa ya dakika arobaini.

Tulipitia kila kitu. Hakukuwa na kitu kingine cha kufuta ila cha mashine yenyewe. Nilijua ni nini. Kulikuwa na kurasa za maelezo, maelfu ya mistari ya Kiingereza, zinazoeleza kila amri inafanya nini. George alijifunzia humo. Mimi nami, jioni ambazo hatukuwa na kazi, aliniketisha nikasoma ukurasa mmoja mmoja, nikikosea matamshi naye akijifanya hasikii.

"Tufute maelezo," nikasema.

Bwana Kipruto alishtuka. "Na tukisahau amri?"

"Tutampigia Ishaq," alisema Hasina. "Atatuchoka, lakini atajibu."

Safari hii nilifungua kila kitu kabla ya kukifuta. Nilitazama ukurasa wa kwanza wa kila sehemu, nikahakikisha, ndipo nikafuta. Nikauliza nafasi. 7,458. Ilikuwa imerudi yote papo hapo, kwa kuwa kurasa zile hazikuwa mkononi mwa mtu.

Ikabaki kibodi ya George.

"Nitafanya mimi," Bwana Kipruto alisema. "Mimi si wa nyumba yenu. Hakuna atakayekulaumu."

"Au mimi," alisema Hasina.

Nilifikiri. Ngurumo ya kwanza ilisikika mbali, upande wa Lubao. Mtu wa nje kugusa vitu vyake kwanza ilikuwa mbaya kuliko mimi kugusa. Kukalia kiti sikuweza. Nikakiacha mahali pake, nikapiga magoti kando yake kwenye saruji, nikaondoa leso, nikazungusha kile kitufe cha mwanga.

Majina yakatokea polepole, kwanza hafifu, kisha ya kijani kabisa, ukurasa mzima. Ulikuwa ule ule aliokuwa akiusoma akishika kichwa. Mistari ishirini na mitatu ya watoto: jina, jina la mama, kijiji, siku ya kuzaliwa. Chini kabisa, alama ndogo ya nukta mbili, ambapo programu humwuliza mtu anataka nini sasa. Ilikuwa imeuliza hivyo Alhamisi kabla ya saa sita. Ilikuwa ikiuliza tulipokuwa hospitalini, na tulipokuwa njiani na jeneza, na watu walipokuwa wakiimba, na haikuchoka wala kugeukia pengine. Ilikuwa inamngoja George aseme.

Nyuma yangu nilimsikia Bwana Kipruto akivua kofia.

Nilibonyeza herufi s, nikaacha nafasi, nikaandika jina jipya: chanjo93. Nilimsomea Ishaq herufi moja moja kupitia kwa Hasina, akajibu moja moja, "Ndiyo. Ndiyo. Sasa bonyeza."

Nikabonyeza. Bwana Kipruto akakimbilia mlango wa jikoni kuitazama taa ndogo ya diski, nayo ikaanza kuwaka na kuzima. "Inafanya kazi!" alisema. "Inakimbia!" Mvua ikapiga mabati ghafla, na stima ikapotea. Betri ikaanza kulia kila baada ya sekunde chache. Herufi hazikutetemeka. Kisha nukta mbili ikarudi chini ya skrini, ikiuliza tena.

"Hesabu mistari," Ishaq alisema kwenye simu, tulimsikia kwa shida kwa sababu ya mvua.

Hasina akahesabu kwenye skrini yake. Alisoma namba kama anasoma kitu cha msikitini. "Elfu thelathini na moja, mia moja na kumi na nane."

Watoto elfu thelathini na moja, mia moja na kumi na wanane. Walikuwa wamekaa humo bila jina la mahali pao, wote, kwa sababu mkono mmoja haukuwa umefunguliwa. Hasina akasema Alhamdulillahi na kuketi.

"Chekalini?" nilimwuliza.

Akatafuta. "Mia sita na nne."

Lakini kazi haikuwa imekwisha, na sote watatu tulilijua hilo kabla ya mtu kusema. Vipande vilivyobaki vilikuwa 1,254. Kupanga kwa vijiji kulihitaji zaidi ya elfu sita, na hizo elfu sita zilikuwa pale kwa George.

"Sasa aachilie," Ishaq alisema kwa upole. "Bonyeza q. Halafu umtoe. Lakini si lazima leo, dada. Panga mambo yenu."

Bwana Kipruto alisema, "Tungoje Jumamosi. Tunaweza kupanga Jumapili, tukapige chapa hata kama ni usiku kucha. Wewe amua."

Ilikuwa ruhusa kamili na nilitamani kuipokea. Ningeweza kufunika skrini tena, na kwa siku tatu mashine ingeendelea kusema watu wanne. Nilikuwa bado nimepiga magoti. Betri ililia. Nikawaza Jumapili, printa moja, kurasa mia tano, wauguzi wakingoja Jumatatu asubuhi, na mtoto mmoja Chekalini ambaye jina lake lingekosa kufika kwa sababu utepe wa wino umekatika saa tisa. George hakuwahi kumshikilia mtu kitu kwa kupenda. Alikuwa ameshika kwa sababu hakumaliza.

Na sasa ilikuwa imemalizwa.

Sikusema neno la kanisani wala la kimila. Nilisema tu, kwa lugha ya nyumbani, kwamba nimeyachukua majina, na kwamba asiwe na wasiwasi. Nikabonyeza q. Ukurasa ule ukapanda juu na kutoweka. Nikaandika neno la kutoka, nikabonyeza. Skrini ikasafishika, ikabaki ikiuliza jina, jinsi inavyomwuliza mtu yeyote mgeni.

"7,458," Hasina alisoma. Kisha akauliza tena walio ndani, nadhani bila kukusudia, na sikuinuka kutazama. Nilisikia kimya chake, nikajua ni watatu.

Stima ilirudi saa nane na nusu. Tulipanga kwa vijiji, na mashine ikafanya kwa dakika kumi na moja. Printa ilianza saa tisa na kuendelea Alhamisi yote na Ijumaa mpaka adhuhuri, ikilia na kwenda na kurudi, huku Hasina akikunja karatasi na mimi nikiandika jina la kijiji kwa kalamu kwenye kila bunda. Jumamosi nilikuwa nyumbani. Nilinyolewa pamoja na wengine. Nilimweleza baba mdogo Wangila nilichofanya, kwamba niligusa kibodi kabla ya siku yake. Aliuliza kama nilikalia kiti. Nikasema hapana. Akasema wembe uendelee.

Jumatatu nilikwenda na wauguzi Chekalini, kwenye uwanja wa soko, kusoma orodha. Akina mama walijipanga wakiwa na watoto mgongoni na wengine wakishikilia sketi. Nilisoma jina, na mtu akaitikia. Nilisoma jingine, na mtu akaitikia. Nilikuwa nimeyaona yakiwa herufi za kijani, na sasa kila moja lilikuwa na kamasi na viatu vya kuazima na kilio chake cha sindano. Nilisoma tangu saa tatu hadi saa nane, sauti ikanikauka, na kila mara nilipofika jina linalofuata nilihofu kwamba hapatakuwa na mtu, na alikuwepo.

Karibu na mwisho nikasoma, "Wekesa, mvulana, mama yake Jerotich." Mama mmoja mwembamba akasogea, amembeba mtoto aliyefungiwa utepe mwekundu kichwani.

"Mmekosea," alisema. "Huyu si mvulana, na si Wekesa. Nani alikagua haya?"

"Ni kaka yangu," nikasema.

"Basi mwambie atazamange vizuri."

Nikamwomba jina. Akanitajia. Nikakata mstari ule kwa kalamu, nikaandika juu yake jina sahihi, pole pole, ili lisomeke.